Pimeni samaki wetu kabla hatujapimwa sisi

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kivu Kaskazini, kwa mameya wa Butembo na Beni, na kwa wakuu wa huduma za mazingira, uvuvi na madini

Mheshimiwa Gavana,
Waheshimiwa Mameya,
Waheshimiwa wakuu wa huduma,

Nawaandikia kwa heshima kuomba jambo moja: samaki wanaoliwa Butembo na Beni wapimwe metali nzito, kwa ratiba inayojulikana, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili na Kinande. Siandiki kutangaza kwamba samaki wetu wana sumu, wala kuwahakikishia watu kwamba ni salama. Mama anayepanga tilapia zake kwenye soko la Kilokwa, mnunuzi anayeinama kuchagua, na ninyi mnaotuongoza, nyote mnastahili kusema neno hilo mkiwa na karatasi ya maabara mkononi. Karatasi hiyo haipo sokoni. Watu wa miji miwili mikubwa hawapaswi kula kwa kubahatisha.

Sababu ya ombi langu iko kwenye ramani. Milima tuliyojenga juu yake inagawa maji ya Afrika. Upande wa mashariki maji yanateremka kwenda Ziwa Edward na Mto Semliki, kisha Ziwa Albert, hadi Nile. Upande wa magharibi yanaingia msituni na kuishia Mto Kongo. Tunakula samaki wa pande zote mbili, na kila upande una mgodi wake. Mashariki ni shaba ya zamani iliyoacha mabaki yake. Magharibi ni dhahabu inayochimbwa leo hii.

Niruhusuni nianze na ziwa. Edward lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,300, na zaidi ya theluthi mbili ziko upande wa Kongo. Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge ni majina ambayo kila nyumba ya Butembo inayajua kwa sababu ya sufuria. Uvuvi wa hapa ni wa kale kupita utawala wowote tunaoukumbuka. Mwaka 1950, pale Ishango ambapo Semliki inatoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Unakadiriwa kuwa na miaka ipatayo 20,000, na ulikuwa katikati ya mabaki ya watu walioishi kwa kuvua. Katanda, kwenye Semliki hiyo hiyo, wachunguzi walipata chusa za mfupa za kale zaidi ya hapo kwa makumi ya maelfu ya miaka, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Watu wamelishwa na maji haya tangu kabla ya jembe. Uharibifu ninaousemea umekuja juzi tu, katika maisha ya wazazi wetu.

Ng'ambo ya Ruwenzori, upande wa Kasese nchini Uganda, kuna mgodi wa shaba wa Kilembe. Ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese ili kubeba shaba kwenda kuyeyushwa Jinja, na ulifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilikwenda zake na fedha zake. Kilichobaki ni zaidi ya tani milioni 15 za mchanga wa mgodi, zimemwagwa ndani ya bonde la mlimani ambamo Mto Nyamwamba unapita. Mchanga huo una masalia ya shaba, kobalti na nikeli, na una salfaidi za chuma ambazo zikikutana na hewa na mvua hutengeneza asidi. Asidi hiyo ndiyo huzifungua metali zilizolala ndani ya mawe na kuzitia majini.

Mjini Kasese kwenyewe kulirundikwa zaidi ya tani milioni moja za mawe yenye kobalti. Kwa miaka mingi mvua iliosha rundo hilo kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na mahali maji yalipopita majani yalikufa, ukabaki ukanda mtupu ardhini. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kulisafisha rundo hilo kwa kutumia bakteria, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mchanga wa bondeni ulibaki palepale. Mei 2013 Nyamwamba ilifurika, ikafurika tena 2014 na Mei 2020, ikabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Kila furiko la aina hiyo hubomoa pia kingo za mchanga wa mgodi na kuusukuma chini.

Chini huko kuna Ziwa George. Ni dogo, kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani hakifiki mita tatu. Lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 1988. Maji ya George hupita Mfereji wa Kazinga na kuingia Ziwa Edward. Kwa hiyo mchanga wa Kilembe na nyavu za Kyavinyonge vinaunganishwa na maji yale yale, hata kama kati yao kuna mpaka, forodha na bendera mbili.

Wanasayansi wameshafanya kazi huko na inafaa tuwasikilize bila kukuza mambo. Mwaka 1995 Patrick Denny na wenzake walichapisha uchunguzi wa metali nzito katika Ziwa George na mabwawa ya mafunjo yanayolizunguka. Mwaka 2003 wachunguzi wa Uganda na Ulaya waliandika juu ya samaki wa ziwa hilo. Picha waliyoichora ni hii: metali zipo, na nyingi zimenaswa kwenye tope na kwenye mafunjo karibu na mahali mito inapoingia. Ndani ya samaki zinakusanyika zaidi kwenye ini kuliko kwenye nyama. Habari hiyo ina nafuu na ina onyo. Nafuu ni kwamba nyama ya samaki haikuwa sumu ya kukimbiwa. Onyo ni kwamba tope ni akiba ya sumu, na akiba hufunguliwa: mafuriko yakiivuruga, mafunjo yakifyekwa, au maji yakibadilika kemikali yake, metali zilizotulia huanza safari upya.

Waheshimiwa, mengi ya haya yalipimwa upande wa pili wa mpaka. Uganda nayo imekuwa ikitafuta kwa miaka mingi kuufufua mgodi wa Kilembe. Ukifufuliwa bila sisi kuwa na kipimo cha leo, kesho hatutakuwa na cha kulinganisha. Tukilalamika kwamba ziwa limeharibika tutaulizwa lilikuwaje kabla, na tutanyamaza.

Sasa nieleze metali hizi zinamfanya nini samaki mwenyewe, kwa maana samaki ndiye wa kwanza kuumia na ndiye shahidi wetu. Samaki hupumua kwa matamvua, na matamvua yana ngozi nyembamba sana inayogusana na maji muda wote. Kupitia hapo huingiza hewa na hulinda kiasi cha chumvi mwilini. Shaba ikizidi majini, hukaa kwenye ngozi hiyo na kuvuruga njia za chumvi, samaki akapoteza sodiamu hadi damu yake ikashindwa kazi. Zinki na kadimiamu hupita kwenye mlango wa kalsiamu, zikamzuia samaki kupata kalsiamu ya kutosha. Metali ya risasi ikimwingia kwa muda mrefu humharibia mishipa ya fahamu, na katika samaki wa aina fulani uti wa mgongo hupinda na mkia huwa mweusi.

Kuna madhara mengine yasiyoacha maiti juu ya maji. Shaba kwa kiwango kidogo kabisa, kisichoua, huziba uwezo wa samaki wa kunusa. Samaki asiyenusa hamtambui adui na hakioni chakula kilicho karibu. Yai na mtoto wa samaki huumia kwa kiasi ambacho samaki mzima angekivumilia. Ndiyo maana ziwa linaweza kuwa na samaki wakubwa wanaoonekana wazima huku vizazi vikipungua mwaka hadi mwaka. Mvuvi atalaumu nyavu ndogo, na mara nyingi atakuwa sahihi, lakini inawezekana asiwe na habari ya sababu ya pili.

Ini la samaki hujitahidi. Hutengeneza protini maalumu inayoshika metali na kuifungia isidhuru. Kwa sababu hiyo kadimiamu na shaba hupatikana zaidi kwenye ini na figo, na risasi kwenye mifupa na matamvua. Mama anayetoa matumbo na matamvua kabla ya kupika anafanya jambo la maana zaidi kuliko anavyodhani. Lakini zebaki haitolewi kwa kisu. Zebaki ikishageuzwa na bakteria wa matopeni kuwa zebaki ya kikaboni, huingia ndani ya nyama yenyewe. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na moshi hauiondoi. Samaki aliyekaushwa hupoteza maji lakini metali hubaki, kwa hiyo kilo moja ya samaki mkavu ina metali nyingi kuliko kilo moja ya yule yule akiwa mbichi.

Hapo ndipo tunapofika magharibi. Katika wilaya ya Lubero, kwenye sekta ya Bapere, kule Manguredjipa na vijiji vinavyoizunguka, vijana wetu wanachimba dhahabu kwa mikono. Wengine wanavuka hadi upande wa Mambasa, ambako mashine za kunyonya mchanga zimewekwa ndani ya mito. Siwalaumu vijana hao. Wengi wao walikimbia mashamba kwa sababu ya bunduki, na dhahabu ndiyo iliyowapokea. Ninachosema ni juu ya zebaki, pale inapotumika kukamata vumbi la dhahabu. Inachanganywa na mchanga kwa mikono mitupu, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linachomwa motoni, mara nyingi karibu na nyumba na watoto. Sehemu inatoka na maji ya kuoshea hadi mtoni. Sehemu inapanda na moshi, inaingia mapafuni, kisha inashuka na mvua. Hata dhahabu ikifika mjini, mnunuzi akiichoma tena ili kuisafisha, mvuke uliobaki hutoka hapo dukani, katikati ya makazi.

Mito ya msituni iko katika hatari zaidi kuliko ziwa. Maji ya Edward yana chumvi za madini na yana ualikali, na maji ya namna hiyo huifanya metali nyingi ishuke na kutulia. Mito ya msituni ina maji laini, yenye majani yanayooza na asidi kidogo. Katika maji laini metali huuma matamvua zaidi, na katika tope lenye majani yanayooza, lisilo na hewa, bakteria wanaogeuza zebaki hupata makao mazuri. Kiasi kile kile cha sumu kinaweza kufanya madhara zaidi Bapere kuliko Kyavinyonge. Kipimo cha ziwa peke yake hakitatuambia habari za msitu.

Zebaki hupanda daraja kwa daraja kama deni linalorithiwa na riba yake: kijimea cha majini kinachukua kidogo, mdudu anayekula vijimea elfu anarithi vyote, samaki mdogo anarithi wadudu, samaki mla samaki anarithi wadogo, na mwisho wa ukoo huo tuko sisi. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana safi kwenye chupa na samaki wake wakawa wamebeba sumu.

Dunia ilikwisha kulipa ada ya somo hili. Katika mji wa Minamata nchini Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miongo kadhaa. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Paka waliokula samaki walianza kutapatapa na kufa, kisha wavuvi wakatetemeka mikono, wakapoteza kuona na kusema. Mama wengine wenye dalili chache walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa, kwa maana zebaki ilipita kwenye kondo na kwenda kwa mtoto. Na pamoja na hayo yote kiwanda kiliendelea kumwaga hadi mwaka 1968. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya kujua na kuacha. Mkataba wa kimataifa wa zebaki uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Ilichukua zaidi ya nusu karne tangu ugonjwa ule ujulikane.

Kisha kuna mto wetu wa nyumbani. Kimemi inakata mji wa Butembo, na kila mkazi anajua kinachoingia humo: mafuta ya magari, maji ya gereji, takataka za soko. Mahali ambapo betri chakavu za magari zinapasuliwa ili kutoa risasi, asidi yenye risasi inamwagika ardhini, na ardhi ya mji huu wa miteremko inapeleka kila kitu bondeni. Mabondeni ndimo familia nyingi zimechimba mabwawa ya kufugia tilapia na kambale. Ufugaji huo ni juhudi ya kusifiwa, umesaidia nyumba nyingi kulipa karo ya shule. Kwa sababu hiyo hiyo haifai bwawa lichimbwe chini ya gereji bila mtu yeyote kumwambia mwenye bwawa maji yake yanatoka wapi.

Waheshimiwa, mtaniambia kwamba nchi iko vitani. Najua. Tunazika watu wa Beni tangu Oktoba 2014. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Goma imeanguka, ofisi za jimbo zimehamia Beni, na wakimbizi wamejaa kwenye familia zetu. Lakini vita haviondoi hoja yangu, vinaizidisha uzito. Mkimbizi asiye na shamba anakula kinachouzwa kwa bei nafuu, na mara nyingi ni samaki wadogo waliokaushwa. Kijana aliyefukuzwa shambani anaingia machimboni. Vita vinawasogeza watu karibu na sumu na kuwaondoa walinzi. Tukisubiri amani ndipo tupime, tutapima watoto badala ya samaki.

Isitoshe, tumeshaona kwamba inawezekana. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina. Hadi ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Katikati ya risasi na uvumi, maabara zilifunguliwa Beni na Butembo, sampuli zikapimwa na majibu yakatoka kwa saa chache. Wanafunzi wetu walijifunza kushika sampuli, wauguzi walijifunza kuandika rejista, na wananchi walijifunza kuuliza jibu. Tulijifunza pia kwa uchungu kwamba mahali habari inapofichwa, uvumi hukaa kwenye kiti chake na kutawala. Sumu ya metali haiui kwa wiki moja, kwa hiyo haitaleta ndege za misaada wala kamera. Inahitaji serikali inayoijali bila kulazimishwa na maiti.

Haya ndiyo ninayoomba, nikiyataja kwa mpangilio ili kila ofisi ijue sehemu yake.

Kwanza, kipimo. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, samaki wachukuliwe Kyavinyonge na kwenye vituo vingine vya ziwa ambako usalama unaruhusu, kwenye mito ya Bapere, na kwenye mabwawa ya Butembo yanayopata maji ya Kimemi. Wachukuliwe tilapia wanaokula vijimea, kambale wa matopeni, na wale wanaowinda wenzao. Nyama na ini vipimwe tofauti, urefu na uzito wa kila samaki uandikwe, na tope la mahali hapo lichukuliwe pia. Metali za kutazamwa ni zebaki, risasi, kadimiamu, shaba na kobalti. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko hapa Butembo, kina walimu wa kilimo, mifugo na tiba. Kisangani kuna wataalamu wa samaki wa msituni. Pale vyombo vya hapa vinapokosekana, Kampala ina Makerere na maabara kuu ya serikali Wandegeya, na malori yetu yanakwenda Kampala kila siku. Sampuli chache kwenye barafu hazitashinda lori.

Pili, majibu yalinganishwe na kipimo kinachotambulika. Codex, ambayo ni kanuni ya chakula ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, inaruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki. Ulaya inaweka kadimiamu miligramu 0.05 kwa kilo kwa samaki wengi. Namba hizo ziandikwe kwenye bango la soko pembeni ya namba zetu, kwa lugha ambayo mama wa soko anaisoma. Bango likionyesha usalama, litamlinda muuzaji dhidi ya uvumi. Likionyesha hatari mahali fulani, litaelekeza tusikotakiwa kununua, bila kuwaangamiza wavuvi wote.

Tatu, Kilembe. Mheshimiwa Gavana, iombe serikali ya Kinshasa idai kutoka Kampala takwimu za Nyamwamba, za Ziwa George na za Kazinga, na idai kusikilizwa kabla ya uchimbaji wowote mpya. Meza ya mazungumzo ipo: maziwa Edward na Albert yamekuwa na mradi wa pamoja wa uvuvi, LEAF II, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuratibiwa chini ya Mpango wa Bonde la Nile. Ndugu zetu wa Kasese ndio wanaoumia kwanza, maana wanakunywa na kulima kandokando ya mchanga ule. Tuwaendee kama wenzetu katika shida moja, bila kuwashtaki.

Nne, zebaki. SAEMAPE ipo kwa ajili ya kuwasaidia wachimbaji wadogo. Iwapelekee vyombo vya kuchomea vilivyofungwa, ambavyo hurudisha zebaki kwenye chupa badala ya kuiachia hewani. Mchimbaji atavipenda kwa sababu zebaki anainunua kwa pesa. Iwaonyeshe njia za kuosha dhahabu kwa uzito wake na za kutumia boraksi, kama wachimbaji wa Ufilipino walivyofanya. Kuchoma dhahabu kupigwe marufuku kando ya mito na ndani ya nyumba za kuishi. Wanunuzi wa mjini watakiwe kuwa na bomba na kichujio, kwa sababu wao wana uwezo wa kulipia.

Tano, Kimemi. Bwana Meya wa Butembo, betri zipasuliwe mahali pamoja palipo na sakafu na ukuta, mbali na mabonde. Na ofisi ya kilimo impe kila mwenye bwawa ushauri wa maji kabla hajaweka vifaranga.

Kuhusu sheria, sioni pengo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na inaiagiza serikali kuyalinda. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaotokana na shughuli za uchumi hulipiwa fidia. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 na sheria ya maji ya Desemba 2015 zimeeleza kazi ya kila mamlaka. Kuhusu fedha, sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaelekeza asilimia 25 ya mrahaba wa madini kwenda jimboni na asilimia 15 kwenda kwa mamlaka za chini ambako madini yanatoka. Tena kodi na vibali vya dhahabu vinakusanywa hata leo. Sehemu ndogo ya jasho la Bapere ikirudi kupima mito ya Bapere, hakuna atakayesema imepotea.

Nina neno fupi pia kwa wasomaji wengine wa barua hii. Mama wauza samaki, sikuandika ili wateja wawakimbie. Samaki ni chakula bora kwa mtoto na kwa mama mjamzito, na nyumba nyingi hazina nyama nyingine. Endeleeni kuuza, endeleeni kutoa ini, matumbo na matamvua. Mnaponunua samaki wa mito ya machimbo, ulizeni wametoka mto gani. Mama mjamzito akipata nafasi ya kuchagua, achague samaki wadogo wanaokula vijimea kuliko wakubwa wanaokula wenzao. Nanyi vijana wa machimbo, moshi wa donge la dhahabu unawadhuru ninyi kabla haujamdhuru samaki. Msichome mahali mnapolala, wala mbele ya mtoto.

Waheshimiwa, nimeomba mengi, lakini mwanzo wake ni mmoja na hauhitaji bajeti kubwa: ofisi moja itajwe kwa jina lake kuwa ndiyo yenye jukumu la samaki hawa, na tarehe ya kipimo cha kwanza itangazwe redioni. Butembo na Beni zimejenga barabara, shule na umeme kwa michango ya wananchi wake. Tukiambiwa siku na mahali, wavuvi watatoa samaki, walimu watatoa wanafunzi, na wafanyabiashara watatoa lori na barafu. Tunachokosa ni amri yenu. Itoeni kabla mvua nyingine haijaanza, na majibu ya kwanza, yawe mazuri au mabaya, yaleteni sokoni kama yalivyo.

Kwa heshima na kwa matumaini,

Mkazi wa Butembo